Sinia na Kawa

Walikuja ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia,
wawili, katoni imefungwa kamba ya katani,
na kibali kilichokunjwa mara nne
chenye muhuri wa ofisi ya wanyamapori.
Mwanangu Shee akaitua jikoni kama aliyeleta samaki.
"Mama, hoteli imefungwa, hawana pa kwenda.
Nimeona wakuliwaze."
Sikumuuliza nani alimwambia nataka kuliwazwa.

Zamaradi akawapa majina kabla hajawaona vichwa:
huyu bapa, Sinia;
yule wa mgongo mrefu, Kawa.

Usiku wa kwanza tuliwalaza bafuni.
Nikasikia kucha kwenye saruji, kwaru, kwaru,
mpaka adhana ya alfajiri.
Nilidhani wana njaa.
Walikuwa wakitafuta pembe ya nyumba nyingine.

Fundi Mwaringa akaja na mwiko na maneno yake.
"Ukuta usiwe wa wavu.
Kobe akiona ng'ambo atasukuma
mchana kutwa, mwezi mzima, mpaka pua imtoke damu.
Mzibie anachokitazama, ndipo atulie."
Nikamkazia macho. Alikuwa anachanganya chokaa.
Hakuwa akinisema mimi.

Akachimba shubiri mbili kwenda chini,
akazika mawe ya matumbawe, kwani hawa huchimba,
kisha akayapandisha hadi gotini.
Banda likaelekezwa matlai, walipate jua la mapema;
makuti yakashuka chini hata mimi nilipiga magoti kuchungulia.
Ndani mchanga mkavu, nyasi kavu.
Adhuhuri, kivuli cha mkilifi.
Maji tukayatia kwenye kifuniko cha sufuria,
yasiwafike puani, maana kobe hajui kuogelea,
ingawa jirani yetu Bi Khuzaima
hadi leo anawaita kasa.

Siku ya pili hawakula.
Ya tatu hawakula.
Niliwawekea mchicha, maua mekundu ya hibiskasi,
kipande cha mpungate nilichokiparura miiba nikachomwa mwenyewe.
Zamaradi akataka kuwapa mkate wa mofa, nikamkaripia.
Sinia alizunguka tu, bega kwenye jiwe,
akachora kijia mchangani kama aliyeamriwa kupima kiwanja.
Kawa hakutoa hata pua.

Ijumaa, Mwanashee hunipigia simu kutoka Lamu.
"Je, umetua?"
Nami humjibu, nimetua.
Mwezi wa saba huu nipo Malindi, hapa Muyeye,
na sanduku langu lingali na mkanda chini ya kitanda.
Kanga mbili hukaa kwenye mkoba;
nazifua, nazianika, nazirudisha mkobani.
Mkwe wangu mwema. Huniuliza kama chumvi imetosha.
Kule Mkomani mimi ndiye niliyekuwa nikiulizwa
chumvi iko wapi.

Siku ya saba niliacha kuwachungulia.
Nikakaa upenuni na ungo, nachambua mchele,
mgongo nimewapa.
Nikasikia: krrp.
Jani, au ua.
Sikugeuka. Mwaringa alionya,
wakianza kula msishangilie.
Krrp.
Nikaendelea kuchambua mchele uliokwisha kuwa safi.

Jana niliwaogesha kwenye beseni, maji vuguvugu,
kina cha kidole.
Kawa akatoa shingo, ndefu kuliko nilivyodhani,
yenye mikunjo kama yangu,
akanywa, akanywa, akaniangalia kwa jicho moja,
kisha akanikojolea kiganjani.
Zamaradi alicheka mpaka akakaa chini.
Nami nikacheka; Shee akatoka chumbani
kuja kutazama ni nani.

Leo ni Ijumaa. Simu imelia, nami nipo ukutani.
Sinia amelala kwenye jua, miguu ameinyoosha nyuma
kama mtu aliyevua viatu.
Majani ya mkilifi yameanza kukifukia kile kijia.
"Je, umetua?"
"Ngoja kwanza, dada. Kuna upepo usiku,
nataka kitambaa cha kuzibia mlango wa banda.
Ninacho. Kimo sandukuni, chini kabisa.
Itabidi nitoe vyote.
Nitakupigia."